Ukuta Unaotema Joto Usiku: Namna ya Kupata Chumba cha Kulala Kinachopumzisha

Mwezi wa pili, ukiwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, fanya jaribio hili dogo. Ikifika saa tatu usiku, jua likiwa limezama kitambo, ingia chumbani kwako ubandike kiganja kwenye ukuta unaotazama magharibi. Kisha bandika kiganja hichohicho kwenye ukuta wa mashariki. Katika nyumba nyingi za tofali za saruji utakuta ukuta wa magharibi bado una uvuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Mara nyingi ni hapohapo kitanda kilipoegemezwa. Mchago umegusana na ukuta wa moto, na mwenye kitanda amemaliza miaka akijiuliza kwa nini usiku kucha hugeukageuka.

Nimeanza na ukuta kwa makusudi. Mazungumzo mengi kuhusu chumba cha kulala huanza na rangi, mapazia na mito ya mapambo, na nimeona watu wakitumia fedha nyingi kupendezesha chumba ambacho hakuna mtu anayeweza kulala ndani yake. Utulivu wa chumba, hasa huku kwetu pwani, kwanza ni suala la joto. Hewa, giza na ukimya hufuata. Ugumu ni kwamba mambo haya manne hayapatani: ukifungua dirisha upate hewa, unakaribisha mbu, mwanga wa taa ya jirani na muziki wa baa. Ukilifunga, unabaki na joto. Ndiyo maana ushauri wa kitu kimoja kimoja hausaidii sana, na inabidi tuanze na mwili wenyewe.

Mwili hulala kwa kupoa

Joto la ndani ya mwili hufika kileleni jioni, kisha hushuka polepole, kiasi cha nyuzi moja hivi, mpaka lifike chini kabisa karibu na alfajiri. Ili lishuke, mishipa midogo ya mikononi na miguuni hupanuka, damu yenye joto ikaja karibu na ngozi, na joto likatoka kwenda hewani. Ukimshika mtoto anayesinzia utakuta viganja vyake vina moto. Mwili wake unatupa joto nje ili alale.

Sasa tazama kinachotokea mwezi wa pili. Hewa ya nje usiku haishuki sana chini ya nyuzi 25, na ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho halikauki upesi. Ndani ya chumba kilichofungwa, joto huwa juu ya hapo. Mwili unakosa mahali pa kutupa joto lake. Mtu atasinzia kwa uchovu, lakini usingizi wake utakuwa wa kukatikakatika, na asubuhi ataamka mzito bila kujua aliamka mara ngapi.

Kwa sababu hiyo, kuoga kabla ya kulala kuna faida zaidi ya ile ya usafi peke yake. Maji ya uvuguvugu, saa moja au mbili kabla ya kupanda kitandani, huivuta damu ije kwenye ngozi, na ukishajikausha mwili hupoa kwa haraka zaidi. Maji ya baridi kali huburudisha kwa dakika chache, lakini hubana mishipa ya ngozi na kuchelewesha kazi hiyohiyo uliyoitaka.

Kuna ushauri unaozunguka mtandaoni kwamba chumba cha kulala kiwe na nyuzi 18. Umetoka kwenye nchi za baridi, kwa watu wanaojifunika blanketi nene. Mtu aliyezoea joto la pwani hulala vizuri kwenye nyuzi 25 au 26, mradi hewa inatembea juu ya ngozi yake. Ukiweka kiyoyozi nyuzi 18 Dar es Salaam utamaliza uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kisha ununue blanketi la kujikinga na kiyoyozi chako mwenyewe.

Joto linatoka wapi

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 za latitudo kusini ya ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo paa ndilo linalobeba mzigo wa kwanza. Kuta za kaskazini na kusini hazipigwi sana. Za mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini, lile la asubuhi na la jioni, ambalo huingia moja kwa moja hata chini ya upenu.

Tofali la saruji la inchi 6 halipitishi joto papo hapo. Hulimeza, kisha hulitoa upande wa pili saa kadhaa baadaye. Ukuta wa mashariki hupokea jua la asubuhi na kulimwaga ndani mchana, wakati chumbani hakuna mtu. Ukuta wa magharibi hupokea jua la saa tisa na saa kumi alasiri, na huanza kulitema ndani wakati watu wanajiandaa kulala. Tofali ni lilelile na fundi ni yuleyule, lakini chumba kimoja kinalalika na kingine hakilaliki.

Bati lina tabia tofauti. Mchana huwa la moto kiasi cha kuunguza mkono, hasa likiwa la rangi nzito kama ile bluu au nyekundu iliyokolea ambayo wengi tunaipenda. Joto lake hushuka hadi kwenye dari, na dari nayo hukupiga kichwani kama unavyosikia moto wa kuni usoni hata ukikaa mbali nao. Lakini bati ni jepesi, na jua likizama hupoa haraka. Kwa hiyo kero ya bati ni ya mchana na jioni, ilhali kero ya ukuta ni ya usiku. Mtu asiyetofautisha mambo haya mawili anaweza kubadilisha dari nzima na bado akakosa usingizi. Walio na shida kubwa zaidi ni wanaoishi ghorofa ya mwisho chini ya zege tupu, kwa sababu zege la juu hufanya vyote viwili: linapigwa na jua mchana kutwa, na linakaa na joto hilo mpaka usiku wa manane.

Tiba ya ukuta iko nje. Pazia zito la ndani halizuii chochote, kwani ukuta ukishameza joto umeshameza. Kinachosaidia ni kivuli kabla jua halijagusa tofali: mti, varanda, chanja cha makuti kilichosimamishwa hatua moja kutoka ukutani, au mti wa pesheni uliopandishwa kwenye waya. Chokaa nyeupe upande wa nje nayo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, na gharama yake ni ndogo. Kwa paa, ni kuacha matundu yenye wavu kwenye ukuta wa pembetatu ulio chini ya paa ili hewa moto iliyo juu ya dari ipate njia ya kutoka, na kutandika karatasi ya kung'aa chini ya bati kama uwezo upo. Kama huna uwezo wa lolote kati ya haya, hamisha kitanda. Kukisogeza kutoka ukuta wa magharibi ni kazi ya watu wawili na dakika kumi.

Dirisha moja haliiti upepo

Wavuvi na mabaharia wa pwani hii waliishi kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, ndiyo miezi ya joto kali, na Kusi hushika zamu baada ya hapo kwa miezi ya ubaridi. Chumba kinachotaka hewa wakati wa shida kifunguke upande wa kaskazini-mashariki. Lakini upepo hauingii mahali ambapo hauwezi kutoka. Chumba chenye dirisha moja na mlango uliofungwa ni kama chupa. Ipulizie mdomoni uone. Nyumba nyingi za zamani ziliacha tundu lenye nakshi juu ya mlango, na kazi yake haikuwa urembo tu. Lilimwezesha mtu kufunga mlango, akawa faragha, na hewa ikaendelea kupita juu.

Kuna jambo linaloniuma kila ninapopita kwenye nyumba mpya, nalo ni dirisha la aluminiamu la kusukuma. Ni zuri, halipigi kelele, halivuji mvua. Ila kioo kimoja siku zote huwa nyuma ya kingine, kwa hiyo dirisha la mita moja na nusu hukupa uwazi wa sentimita 75 tu. Tumenunua dirisha zima, tunatumia nusu. Vioo vya luva walivyovikimbia watu kwa kuviona vya kizamani hufunguka karibu vyote, na madirisha ya mbao yenye vipande vya mlalo hupitisha hewa hata yakiwa yamefungwa.

Pangaboi nayo haieleweki vizuri. Haipozi hewa hata kidogo. Inachofanya ni kuisukuma juu ya ngozi ili jasho likauke. Ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni umeme unaopotea bure. Usiku, hewa ya nje ikishapoa kuliko ya ndani, feni ya kusimama ina kazi bora kuliko kukupulizia hewa ileile ya moto: isogeze dirishani ielekee ndani, acha mlango wazi kwa nusu saa, nayo itaingiza hewa ya nje na kufukuza ya ndani. Mwenye kiyoyozi akiweke nyuzi 25 au 26 pamoja na pangaboi ya taratibu. Na akumbuke kwamba ukuta usio na kivuli hushindana na mashine yake usiku kucha.

Mbu, mwanga, kelele

Hapa ndipo mambo yanapoanza kugombana.

Chandarua huokoa maisha, na pia hupunguza upepo. Watu wengi wanaoacha kukitumia hawapuuzi malaria, wanakimbia joto. Watafiti waliojenga nyumba sita za majaribio katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, walilichukulia suala hili kwa uzito unaostahili. Walitumia kuta zinazopitisha hewa, za mianzi, mbao na nyavu za kivuli, na baadhi ya nyumba hizo zilikuwa na ghorofa. Walikuwa wanafuata mambo mawili kwa pamoja, yaani nyumba iwe na ubaridi zaidi na mbu wasiingie. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba mambo hayo yanaweza kukaa ndani ya nyumba moja, na kwamba chumba cha juu huingiwa na mbu wachache zaidi.

Kwetu sisi ambao nyumba zimeshajengwa, chandarua cha pembe nne ni bora kuliko cha duara, kwa sababu huacha nafasi ya hewa na hakimgusi aliyelala. Wavu wa dirishani nao unahitaji kuoshwa. Barabara ya vumbi huuziba kwa miezi michache tu, na mtu hudhani upepo umepungua mtaani kumbe umekwama kwenye wavu wake. Chukua brashi laini na maji ya sabuni, kila baada ya wiki chache.

Mwanga ni mgumu zaidi kwa sababu hatuhisi unavyotuharibia. Nyuma ya jicho mna chembe ambazo kazi yake ni kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku, na chembe hizo huitikia zaidi mwanga wa bluu. Mwanga huo ukiwapo, ubongo huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoufahamisha mwili kuwa usiku umeingia. Balbu nyeupe tunazozipenda, zile zinazofanya chumba king'ae kama duka la dawa, zina bluu nyingi. Chumbani panatosha balbu ya mwanga wa njano, ndogo, iliyowekwa chini karibu na kitanda badala ya katikati ya dari. Simu ina mwanga huohuo, na ina makundi ya WhatsApp juu yake. Ilale kwenye meza ya mbali.

Taa ya ulinzi ya nje ni jambo jingine. Wengi huweka pazia zito ili kuizuia, na pazia hilo huziba upepo. Shughulikia taa yenyewe kwanza: igeuziwe chini, ifunikwe upande wa dirisha, au iwekwe ile inayowaka mtu anapopita tu. Ukizungumza na jirani kwa adabu kuhusu taa yake, mara nyingi atakuelewa, kwa maana naye hajui inaangukia wapi. Bado mwanga ukiingia, kitambaa chepesi cha pamba juu ya macho hufanya kazi ya pazia bila kuzuia hewa.

Kuhusu kelele, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 kwamba ndani ya chumba cha kulala sauti isizidi desibeli 30, ambayo ni kama mnong'ono. Kwa mtu wa Sinza au Manzese, mitaa yenye pilikapilika ya Dar es Salaam, hilo ni jambo la mbali sana. Hata hivyo, kinachoamsha zaidi ni badiliko la ghafla: honi, mlango, bodaboda inayopita peke yake saa nane usiku. Mvumo usiobadilika wa feni huzifunika sauti hizo, na pengine ndiyo sababu umeme ukikatika watu huamka hata kabla joto halijawapata. Kabati la nguo likisimama kwenye ukuta unaopakana na barabara au na jirani, hupunguza kelele kidogo.

Kitanda chenyewe

Godoro la sponji hushika joto la mwili na kulirudisha mgongoni. Hilo peke yake linavumilika. Lisilovumilika ni lile karatasi la plastiki ambalo godoro huja nalo kutoka dukani, na ambalo katika nyumba nyingi halitolewi kamwe ili godoro lisichafuke. Plastiki hainywi jasho wala haipitishi hewa; unalala juu ya mfuko. Litoe. Kama unaogopa madoa, tandika shuka nzito ya pamba chini ya shuka ya kulalia. Wazee walilalia magodoro ya sufi juu ya vitanda vya kamba, hewa ikipanda kutoka mvunguni. Leo chaga zilizoachana vidole vitatu hufanya kazi ileile, mradi mvungu usijazwe mabegi, ndoo na viatu mpaka hewa ikose pa kupita.

Shuka ziwe za pamba. Zile za kung'aa zinazoteleza zinapendeza harusini, lakini nyingi ni za nailoni au poliesta na hunata mwilini. Kwa kujifunika, sijaona kitu kinachoishinda khanga iliyofuliwa mara nyingi ikalainika.

Rangi ya ukuta? Yoyote tulivu unayoipenda.

Ndani ya ndani

Nyumba ya mawe ya Lamu inastahili kutazamwa na kila anayejenga pwani. Kuta zake za matumbawe zina unene wa karibu nusu mita na zimepakwa chokaa. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, na dari iko juu sana. Ukiingia kutoka daka, yaani kibaraza cha mlangoni, njia hukunja ili mpita njia asione ndani. Unafika kiwandani, uwanja ulio wazi juu, kisha msana wa kwanza, yaani ukumbi mrefu mwembamba, kisha msana wa pili, kisha chumba kinachoitwa ndani. Kila hatua mwanga hupungua na sauti ya mtaa hufifia. Mtu aliyetoka juani hufika mahali pa kulala akiwa ameshatulizwa na nyumba yenyewe kabla ya kuvua viatu.

Hatuwezi wote kujenga hivyo, na kuta nene zenyewe si jibu la kila usiku. Katika miezi ya joto wengi huko huhamia juu, chini ya makuti, upepo uwafikie. Lakini mpangilio ule wa hatua unawezekana hata leo. Chumba cha kulala ambacho mlango wake hufungukia sebuleni mbele ya televisheni kimekosa hatua. Ujia mfupi, kabati lililogeuzwa, au pazia jepesi tu linaweza kukirudishia.

Kwa aliye na chumba kimoja

Wengi wetu hatuna chumba cha kulala. Tuna chumba, ambacho ni jiko, sebule, stoo na mahali pa kulala watoto. Ushauri unaomsahau mtu huyu haunishughulishi. Friji hutupa joto kwa nyuma usiku na mchana. Kama halina budi kukaa ndani, liwe mbali na kitanda na liache nafasi ya kiganja kimoja au viwili kati yake na ukuta. Kupika kuhamie barazani, hasa chakula cha jioni, kwa sababu joto la jiko la saa moja usiku ndilo utakalolala nalo. Pazia linalogawa chumba lisifike darini. Liache nafasi juu hewa ipite. Nguo zinazoning'inia kila mahali hunyonya unyevu na kuzuia upepo, nazo zikae upande mmoja.

Na kwa walio kwenye nyanda za baridi kama Njombe, Makete au Limuru, hesabu yote inageuka: huko ukuta wa magharibi ni neema, dirisha hufungwa na blanketi ni nene. Onyo langu kwao ni moja tu. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani ili kuota moto wakati wa kulala, hata kama mkaa umeshika na hautoi moshi. Gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka humo haina harufu wala rangi, na imeua familia nzima zikiwa usingizini.

Ukiwa bado una kiwanja kitupu una bahati kubwa, kwa maana kosa la magharibi hurekebishwa bure kabla ya msingi kuchimbwa. Nenda pale siku moja ya mwezi wa pili, saa kumi alasiri, ukiwa na khanga. Simama, ishike kwa pembe mbili, uone inapepea kuelekea wapi. Upande inakotoka upepo weka vitanda. Upande linakozama jua weka choo, stoo na ngazi, na kabla ya kumwita fundi panda mwembe.